Kuwatembelea wazazi waliokimbilia joto la pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwisho wa Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma Ulaya na giza kuanza kuingia alasiri, wazee wengi waliostaafu Leicester, Hamburg, Stockholm au Toronto hufunga mabegi na kwenda zao pwani: Mombasa, Kilifi, Malindi, Tanga, Unguja. Hurudi Machi au Aprili, masika yakikaribia. Watoto wao waliobaki na kazi na theluji hufuata Desemba au Januari, wiki mbili tu, wakiwa na maswali yaleyale. Tumeyakusanya hapa. Majibu yanaelemea Kenya na Zanzibar kwa kuwa ndiko wazazi wetu wengi walipo.

## Kabla ya kukata tiketi

Wakati gani ni mzuri kwenda?

Ukiwa huna mtoto wa shule, nenda kati ya katikati ya Januari na katikati ya Februari. Mvua za vuli zimeshapita, kaskazi imetulia, nauli zimeshuka, na wazee wamepumua baada ya wageni wa Krismasi. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba hadi siku chache baada ya Mwaka Mpya, nusu ya Nairobi huteremka Mombasa, na Unguja hujaa watalii wa Ulaya. Kila kitu hupanda bei, kuanzia nyumba ya kupanga hadi kilo ya jodari.

Mwenye watoto wa shule hana hiari. Huyo akate tiketi mapema, na atazame bei ya kusafiri siku ya Krismasi yenyewe, ambayo mara nyingi huwa nafuu kuliko siku mbili tatu zinazoitangulia. Machi hatuishauri: joto ndiyo limefika kileleni, na wazee wenyewe wanafikiria mizigo yao ya kurudi. Kuhusu Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia katikati ya msimu huu, tazama sehemu ya mwisho.

Nikae muda gani?

Siku kumi hadi kumi na nne. Saa si tatizo kwa anayetoka Ulaya: majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu tu, na mbele ya Ujerumani na Sweden kwa saa mbili. Anayetoka Toronto ana tofauti ya saa nane, na huyo aongeze siku. Kinachokula siku za mwanzo ni joto.

Zaidi ya wiki mbili, wazee huanza kuchoka ingawa hawatasema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yako hatakupa jembe, ndiyo maana inabidi ulichukue mwenyewe. Nenda sokoni, osha vyombo, peleka mtungi wa gesi ukabadilishwe.

Nifikie kwao au hotelini?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote. Mtoto anafikiria kuwapunguzia wazazi kazi, mzazi anasikia kwamba nyumba yake haifai. Na mkwe aliyezaliwa Ulaya haelewi kabisa kwa nini chumba cha hoteli, tena cha kulipia mwenyewe, kiwe tusi.

Kabla ya kuamua, kumbuka kwamba wazee wengi hawaishi tena katika nyumba kubwa ya ukoo. Wanapanga fleti ya vyumba viwili Nyali, Bamburi au Mtwapa, au kijumba Mbweni au Mazizini. Ukiingia na mume na watoto watatu, baba atahamia kwenye kochi na kukuapia kwamba ndiko anakolala siku zote. Si kweli.

Njia iliyotusaidia wengi ni kupanga fleti yenye samani katika jengo lilelile au mtaa uleule. Mnalala kwenu, lakini chai ya asubuhi, chakula cha mchana na magazeti ni kwao. Mwambie mama sababu ni kelele za watoto alfajiri. Usitaje joto, usitaje choo, na usimtaje mkeo au mumeo. Usiku wa kwanza, hata kama fleti imeshalipiwa, laleni kwa wazee.

Mkiwa mmoja au wawili tu, msisumbuke na yote haya. Fikieni kwao.

Vipi nikiwafanyia sapraizi?

Usifanye. Utakuta wamekwenda Lamu arusini, au dada wa kazi ameenda kwao kwa sikukuu, au jokofu lina ndimu mbili na dawa ya macho. Mama wa pwani aliyekutwa na wageni bila chakula hatakusamehe mpaka mwaka unaofuata.

## Karatasi na njia

Nahitaji viza?

Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, eTA, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Ada yake ilianzia dola 30. Kila msafiri anaombewa yake, hata mtoto mchanga. Omba kwenye tovuti rasmi ya serikali, kwa kuwa kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza mara mbili au tatu. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kama ulizaliwa na mzazi Mkenya na hujawahi kushughulikia karatasi zako, huenda unalipia kuingia kwenu.

Tanzania, pamoja na Zanzibar, bado ina viza: dola 50 kwa wengi, dola 100 kwa wenye pasipoti ya Marekani. Unaweza kuomba mtandaoni au kulipa uwanjani, lakini foleni ya uwanja wa Zanzibar wiki ya Krismasi humaliza uvumilivu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar lazima pia awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine kutoka Ulaya. Lipia kabla ya kuondoka.

Na wazazi wenyewe, wanaruhusiwa kukaa msimu mzima?

Inategemea pasipoti. Mwenye uraia wa Kenya anakaa atakavyo. Aliyekuwa Mtanzania akachukua uraia wa nchi nyingine ni mgeni kisheria, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Viza ya kawaida ni ya siku 90, na Novemba hadi Machi ni zaidi ya siku 90. Kuna wazee wanaopanda ndege kwenda Nairobi kunywa chai na kurudi wakidhani wamelimaliza tatizo, na ofisa wa uhamiaji anaijua hila hiyo kuliko wao.

Serikali ya Tanzania imeingiza katika sheria hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Waulizieni wazee ubalozini kabla msimu haujaanza. Mtoto anayejua kujaza fomu mtandaoni ndiye wa kuifanya kazi hii, tena akiwa bado Ulaya.

Kadi ya homa ya manjano inahitajika?

Ukiruka moja kwa moja kutoka Ulaya au kupitia Doha au Istanbul, kwa kawaida hapana. Ukitoka Kenya kwenda Zanzibar, ndiyo: Kenya ni nchi yenye homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti kwa yeyote mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea anayetoka nchi za aina hiyo, au aliyesubiri ndege katika uwanja wao kwa zaidi ya saa 12. Wenye shangazi Mombasa na wazazi Unguja wajihadhari hapa.

Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 kinahesabiwa cha maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali. Kwa mtoto mchanga au aliyevuka miaka 60, zungumza na daktari kwanza, maana chanjo hii si ya kila mtu.

Nikifika nchini, nifikeje kwao?

Nairobi hadi Mombasa, treni ya SGR iliyoanza 2017 huchukua saa tano hadi sita na kuwashusha Miritini, nje ya kisiwa. Tiketi za Desemba huisha mara tu zinapofunguliwa, kwa hiyo usiitegemee kama hujaishika mkononi. Basi la usiku lipo. Kwa mwenye watoto na mabegi, ndege ya ndani ndiyo inayobakisha amani nyumbani.

Wazazi wakiwa Diani, kusini mwa Mombasa, huhitaji tena kukaa foleni ya feri ya Likoni: barabara ya Dongo Kundu inakutoa upande wa uwanja wa ndege hadi Kwale kwa madaraja. Dar es Salaam hadi Unguja, boti huchukua kama saa mbili na bei ya mgeni si sawa na ya raia.

Jambo moja zaidi. Baba atataka kuja uwanjani kukupokea, hata ndege ikitua saa tisa usiku. Mwache aje ikiwa kuna dereva. Ikiwa anaendesha mwenyewe, mwambie umeshalipia teksi.

Nibebe nini?

Waulize wao, nao watasema "hatuhitaji kitu". Uliza tena baada ya siku mbili. Orodha halisi huwa hii: dawa zao (tazama sehemu ya afya), miwani iliyoachwa kwa fundi, betri za mashine ya kusikia, chaja, na majani ya chai ya dukani kwao kule. Ndiyo, wanaishi mwendo wa siku moja kutoka Kericho na wanaagiza chai Leicester. Usiwacheke, beba.

Usifungie kitu katika mifuko ya plastiki ya dukani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na abiria huambiwa aiache uwanjani. Droni iache nyumbani kwako pia, pasipo kibali itachukuliwa.

## Ndani ya nyumba

Mbona wazazi wangu ni watu wengine kabisa huku?

Wengi huuliza hili kwa mshangao, wengine kwa wivu kidogo. Baba ambaye Ulaya hunung'unika mbele ya televisheni toka Novemba, huku anaamka kabla ya adhana, anatembea ufukweni, anacheza bao barazani hadi magharibi, na anajulikana na kila mwenye tuktuk. Mama ana vikundi viwili vya akina mama na kimoja cha kupika. Simu yako anaipokea akiwa ameshika mwiko, na anakuambia atakupigia baadaye.

Magoti hayaumi sana huku wasikohitaji makoti. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, si saa tisa na nusu alasiri. Lakini kubwa zaidi ni kwamba huku wana cheo. Ulaya, miaka thelathini kazini, hakuna aliyewapa shikamoo njiani.

Kwa hiyo usifike ukaanza kupanga siku zao upya. Wana ratiba, na wewe ndiye mgeni ndani yake. Andamana na baba barazani siku moja, ukae kimya usikilize. Ukiona mama anakwenda mazishi ya mtu usiyemjua, mfuate. Watu watakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na hutalazimika kutamka jina lako la ukoo herufi kwa herufi.

Hakuna kiyoyozi, au kipo lakini kimezimwa. Nifanyeje?

Umeme ni wa kununua kwanza: Kenya tokeni, Tanzania bara LUKU, Zanzibar TUKUZA. Mzee anajua kila uniti inakwenda wapi. Wao hulala na feni, dirisha wazi na chandarua, na miili yao imeshazoea. Wajukuu wakifika, kiyoyozi kinawashwa mchana kutwa na milango iko wazi, na uniti za mwezi zinaisha kwa siku tatu.

Siku ya kwanza piga picha namba ya mita ukijifanya unapiga ukuta, kisha nunua umeme kwa simu bila kutangaza. Baada ya hapo washa chumba cha watoto usiku tu. Joto la mchana Desemba na Januari ni nyuzi 31 hadi 33, na usiku halishuki sana chini ya 24. Kitenge cha kulalia chenye unyevunyevu na kuoga kabla ya kulala hufanya kazi kuliko unavyodhani.

Nani analipa nini?

Ukimpa mama pesa mkononi mbele za watu, ataikataa. Ukimwachia chini ya bakuli la sukari siku ya kuondoka, atakupigia simu kukusema, kisha ataitumia vizuri. Katikati ya hayo, lipa yasiyo na mjadala: umeme, gesi, na maji. Mombasa maji ya bomba hayaaminiki, nyumba nyingi huagiza boza, na familia ya watu watano humaliza tangi haraka kuliko wazee wawili.

Dada wa kazi umpe chake wewe mwenyewe, mkononi, bila kupitia kwa mama. Ujio wako umemwongezea kazi. Kama ni Mkristo na ni Desemba, huenda anataka kwenda kwao bara, nawe ndiye sababu anazuiwa. Mwachie aende. Mtajipikia.

Ndugu na majirani wanakuja kuomba. Nifanyeje?

Mwulize mama kabla hujajibu yeyote. Yeye anajua nani ana shida ya kweli, nani alisaidiwa wiki iliyopita, na nani ukimpa atafuata mwenzake kesho. Weka fungu mapema, limpitie yeye, likiisha limeisha. Wewe utaondoka baada ya siku kumi, yeye ndiye atakayeishi na hesabu zako.

Watoto wangu hawajui Kiswahili vizuri. Watakaaje na babu na bibi?

Vizuri kuliko unavyoogopa, ukiacha kutafsiri. Wafundishe shikamoo kabla ya safari na kubusu mkono kama ndiyo desturi ya kwenu. Yaliyobaki yatakuja kwa kazi za mikono: kukuna nazi kwenye mbuzi, kuchagua mchele, kusukuma mahamri. Mtoto aliyekaa jikoni na bibi asubuhi nne atajua maneno ya jikoni yote.

Chakula ndicho kivutio kikubwa. Desemba na Januari ni msimu wa embe: ngowe, boribo, dodo. Unguja kuna na shokishoki, ambazo watoto hudhani ni vinyago. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, jioni mishkaki au urojo wa barabarani. Matumbo yakichafuka siku ya pili, mara nyingi ni wingi wa embe, si maji.

Bahari imekwenda wapi?

Imekupwa. Watoto waliozoea mabwawa ya kuogelea hushangaa kukuta mita mia tatu za mchanga na majani. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Mwulize mzee au mvuvi saa ya kujaa, mwende maji yakiwa yanapanda, na wote wavae viatu vya mpira, maana kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Toka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kaeni kivulini. Na mkitoka ufukweni kuingia mjini, hasa Mji Mkongwe au Old Town ya Mombasa, jifungeni kanga au kikoi. Mama ana majirani.

Tunaweza kwenda mbugani?

Siku moja, mbili kabisa. Kutoka Mombasa, Shimba Hills ni karibu na ina palahala, swala weusi wenye pembe zilizopinda, na Tsavo Mashariki inafikika kwa kuamka alfajiri. Unguja mna Jozani na kima punju wake. Wakaribishe wazee hata kama unajua baba atasema tembo aliwaona wa kutosha akiwa mdogo. Ila usiifanye safari nzima kuwa ya utalii. Kuna wanaolala kwa wazazi kama wanavyolala stesheni, na wazazi huliona.

## Afya

Mimi nilizaliwa pwani. Bado nahitaji dawa za malaria?

Ndiyo, na ninyi ndio mnaohitaji zaidi ya watalii, kwa sababu watalii humeza. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa nje miaka, na mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kabisa. Uingereza, wengi wanaogunduliwa na malaria ni watu waliotoka kutembelea jamaa Afrika. Zanzibar imeipunguza sana, lakini haijaimaliza.

Dawa ya atovakuoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kurudi. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa uzito, aandikiwe na daktari. Chandarua na dawa ya kujipaka vinahitajika vilevile, hata mchana, kwa kuwa homa ya dengi huenezwa na mbu wanaouma mchana na Mombasa na Dar es Salaam zimewahi kuipata zaidi ya mara moja. Ukipata homa wiki au miezi baada ya kurudi, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba ulikuwa Afrika Mashariki.

Naombwa niwabebee dawa za presha na sukari. Inaruhusiwa?

Dawa zao wenyewe, katika pakiti zake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari yenye jina lao: kwa kawaida hakuna shida. Beba katika begi la mkononi. Dawa kali za maumivu na za usingizi ziulizie ubalozini kwanza.

Insulini isiwekwe begi la chini, inaweza kuganda. Ikishafunguliwa hudumu kama wiki nne katika joto la chumba, lakini chumba wanachomaanisha watengenezaji ni cha chini ya nyuzi 25 au 30, si cha Bamburi mwezi wa pili. Hakikisha wanaihifadhi kwenye jokofu, na waulize umeme ukikatika wanafanyaje.

Mkiwa pamoja, keti nao na orodha yote ya dawa. Mzee anayemeza dawa za kukojoza maji katika joto hili anaweza kupungukiwa maji na kizunguzungu kikamwangusha. Ni swali la kumpigia daktari wao. Wewe usimpunguzie vidonge.

Nani yuko hatarini zaidi na joto?

Wiki ya kwanza, wewe na watoto. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea, na wazee wako wameshavuka. Ni wao watakaokuona umekaa kichwa kinakuuma saa saba mchana na kukuletea dafu.

Wakiugua, bima yao inalipa?

Kadi ya bima ya afya ya Ulaya na ile ya Uingereza hazifanyi kazi Kenya wala Tanzania. Bima nyingi za safari za mwaka mzima hukomea siku 31 kwa safari moja, kwa hiyo mzee aliyekaa miezi minne hana bima tangu mwezi wake wa pili huku na hajui. Soma mkataba wao wewe mwenyewe, hasa kipengele cha magonjwa waliyokuwa nayo. Kisha kubalianeni mapema hospitali gani watakwenda usiku, nani atawapeleka, na nani ana pesa ya kuanzia, kwa sababu hospitali binafsi huomba malipo ya awali kabla ya kumlaza mtu.

## Yasiyo ya kila siku

Safari yangu imeangukia Ramadhani. Niahirishe?

Ramadhani ya 2026 ilitarajiwa kuanza karibu tarehe 18 Februari, ya 2027 karibu tarehe 8 Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea mwezi. Mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja Januari na nyingine mwisho wa Desemba. Msimu wa wazee na mfungo vitakwenda pamoja kwa miaka kadhaa.

Usiahirishe kama unajua unachokwenda kukuta. Mchana ni kimya, mikahawa mingi ya Mji Mkongwe imefungwa, na hakuna anayekula wala kunywa barabarani. Magharibi mji unafufuka: uji, tende, kaimati, tambi, sambusa za kila nyumba. Kama ni likizo ya ufukweni na chakula cha mchana unayoitaka, nenda kabla. Mzee mwenye kisukari anayesisitiza kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo, sio siku ile.

Wazazi wangu wanapata msaada wa serikali. Utakatwa wakikaa huku?

Baadhi, ndiyo, na hili limewatia wengi katika madeni. Uingereza, pensheni ya serikali yenyewe inaendelea kulipwa, lakini Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, kwa kawaida hukoma ukikaa nje zaidi ya wiki nne, na Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji mtu wa kuwaangalia, baada ya wiki 13. Ujerumani, msaada wa msingi wa wazee, Grundsicherung, husimama baada ya wiki nne mfululizo nje ya nchi. Ontario hutaka mtu awepo siku 153 katika kila miezi 12 ili abaki na bima ya afya ya jimbo.

Wazee wengine huona ni bora kunyamaza. Tiketi ya ndege na mhuri wa pasipoti havinyamazi, na barua ya kudai marejesho huja miaka miwili baadaye. Waripoti safari.

Nyumba yao ya Ulaya nani anaiangalia?

Wewe. Bima nyingi za nyumba hupunguza fidia nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Pita mara kwa mara na uandike tarehe. Acha joto la chini likiwaka ili mabomba yasigande, au funga maji na uyatoe yote. Na kama nawe unakwenda pwani, mpe jirani ufunguo kabla hujaondoka.

Nimefika nikaona mama ameanza kusahau. Nifanyeje?

Wiki mbili za kukaa pamoja huonyesha ambayo simu huficha: chakula kilichoungua, dawa zilizomezwa mara mbili, njia ya msikitini au kanisani iliyopotea. Baba huwa anajua na amekuwa akifunika. Zungumza naye peke yake, bila kumshtaki. Msimrudishe mama haraka kwenye baridi kwa hofu. Mahali anapotambua sauti na njia huenda anaishi vizuri zaidi. Lakini kipimo cha daktari kifanyike, huku au kule, na dawa zipangwe katika kisanduku cha siku saba ambacho mtu mwingine anakijaza.

Baba amesema mwaka huu harudi. Ni masihara?

Mara ya kwanza, pengine. Akirudia mbele ya watu, si masihara. Msijibizane mezani. Kuna ya kuangalia: pensheni ya Uingereza kwa anayehamia Kenya au Tanzania kabisa hulipwa lakini haipandi tena kila mwaka, haki ya matibabu ya kule inakwisha, na mama huenda anataka kurudi kwa wajukuu. Mwulize mama akiwa peke yake. Wazee walioafikiana wakahama vizuri tunawajua, na tunawajua pia wanaoishi mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja akisema anamngoja mwenzake.

Mwaka huu siwezi kwenda kabisa. Kuna la kufanya?

Tafuta anayekwenda na umpe dawa na betri zao abebe, pakiti ikiwa wazi aione na orodha ikiwa ndani. Nunua umeme wao kwa mbali kila mwezi. Namba ya mita unayo tangu mwaka jana. Piga simu asubuhi kabla hawajatoka, si usiku wa Ulaya ambao kwao ni saa za kulala. Kisha weka likizo yako wiki watakayorudi Machi, uwapokee uwanjani na nyumba ikiwa imeshapata joto.